Nilivyowaamsha Majirani kwa Saa ya Ukutani

Wamama wa kwaya, leo nimeaibika mpaka nimejionea huruma mwenyewe. Naandika haraka kabla Mama Odette hajaandika, maana akianza yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi. Kina yake ya kutosha.

Naanza na jua, kwa sababu matata yote yametoka kwa jua.

Mimi nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Bwiza. Kwetu jua lina adabu. Linatoka saa kumi na mbili, linaingia saa kumi na mbili, Januari mpaka Desemba. Shule nilisoma miaka miwili tu (mwalimu alikuwa Zakaria, mrefu, mkewe Yuliana), lakini kujua saa sikuhitaji kufundishwa. Unatazama mlangoni, basi. Sasa hapa Johannesburg nina miaka saba, na jua la hapa bado hatujazoeana. Wakati wa joto watoto wanacheza nje mpaka saa moja jioni na bado kweupe. Ukifika mwezi huu wa sita, saa kumi na moja na nusu giza limeingia, na asubuhi saa kumi na mbili ukifungua mlango unaukuta usiku bado umekaa kwenye ngazi. Dada yangu Spesioza akinipigia kutoka nyumbani saa hiyo ananiambia, "Huku kumekucha, naona kuku wangu wote." Na saa yake na yangu ni moja, dakika kwa dakika. Yeye anaona kuku. Mimi naona pumzi yangu.

Mtu mzima anavumilia. Wanaoumia ni watoto. Binti yangu Goreti anasuka nywele saluni, anarudi saa tatu, kwa hiyo wajukuu wako mikononi mwangu: Keza, miaka saba, na Blaise, mitano. Baridi ilipoanza, jioni zikawa vita. Giza linaingia hawajamaliza kucheza, nawafungia ndani, wanarukaruka kitandani mpaka saa nne. Asubuhi sasa. Blaise namvalisha soksi huku anakoroma. Keza anavuta blanketi mpaka kichwani.

"Bibi, bado ni usiku."

"Ni asubuhi."

"Asubuhi gani haina jua? Mungu bado hajawasha."

Utamjibu nini mtoto wa namna hiyo? Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa upande wake. Nikitazama dirisha naona giza, na moyo unaniambia: bado, lala kidogo. Kwa kulisikiliza lile dirisha tumechelewa shule mara tatu.

Shuleni kwao geti linafungwa saa mbili kasorobo. Aliyechelewa anasimama nje kwenye ukuta, anasikia wenzake wanaimba wimbo wa asubuhi, mpaka wamalize. Mara ya kwanza Keza alilia. Ya pili alilia. Ya tatu hakulia. Alisimama amekumbatia mkoba wake, anatazama viatu. Afadhali angelia.

Na wiki iliyopita, katikati ya hayo, akachaguliwa. Mwalimu Nomsa, wa darasa lao, alisema Ijumaa, ndiyo leo, Keza ataongoza wimbo mbele ya shule nzima. Keza huyu ambaye mwaka jana alikuwa hafungui mdomo darasani, kwa sababu walimcheka anavyotamka. Siku zote hizi amekuwa akiimba bafuni, akiimba jikoni, akimwimbia Blaise ambaye hataki.

Jumanne mwalimu akaniita pembeni. Kiingereza changu mnakijua, kwa hiyo akanitafsiria Odette, mtoto wa jirani yangu, anasoma darasa moja na Keza.

"Mwalimu anasema siku zimekuwa fupi, watoto wote wanasumbuka, si wa kwako tu. Anasema usiwagombeze. Wakitoka shule waache wacheze juani kabla halijaondoka. Usiku uwalaze mapema, lakini usogeze kidogo kidogo, dakika kumi leo, dakika kumi kesho. Na asubuhi uwashe taa kwanza ndipo uwaite." Akameza mate. "Na anasema, Ijumaa kengele ikilia Keza hayuko kwenye mstari, ataongoza mtu mwingine. Huyo mtu ni mimi."

Akatafsiri na hilo, hakuongeza, hakupunguza. Mtoto huyo amelelewa.

Kidogo kidogo. Nililielewa vizuri. Ila kumlaza Keza mapema ni kazi, maana anajua kusoma saa. Ukimwambia lala, ananyoosha kidole ukutani: "Bibi, saa mbili haijafika." Nikakaa, nikafikiri. Nikaona kuliko kushindana na mtoto, nishindane na ile saa.

Saa yenyewe ni ya betri, ya mviringo, ina picha ya jogoo. Niliinunua Marshalltown kwa Mama Sifa, yule anayepanga vitu vyake kando ya njia. Jumanne jioni watoto wakiwa bafuni nikapanda kiti, nikasukuma mshale mbele dakika kumi. Wakalala bila ugomvi. Jumatano nikasukuma kumi nyingine. Siku mbili mfululizo tukafika shuleni kabla ya wengi, nikajiona profesa. Jana nikaongeza kumi za mwisho. Jumla nusu saa. Nikasema hapo inatosha, hapo Ijumaa yetu iko salama.

(Mtauliza, na simu yako, mama? Jana umeme wa jengo letu ulikatika jioni. Simu ikazima. Tulikula kwa mshumaa, na huo mshumaa nilikwenda kuuomba juu kwa Mama Sifa huyohuyo, nikawaacha watoto peke yao dakika kidogo. Zishikeni hizo dakika.)

Leo nikaamka mwenyewe. Nikawasha kiberiti, nikainua ukutani: saa kumi na mbili kamili. Nikatazama dirisha. Giza tupu. Moyo ukaanza nyimbo zake: bado, lala kidogo. Nikauambia, wewe na dirisha mmeniponza mara tatu. Leo kaeni kimya.

Goreti alikuwa amelala kama gunia, nikamwacha. Taa haikuwepo, kwa hiyo nikakata ule mshumaa vipande vinne, nikaviwasha vyote ili watoto waamkie mwanga kama mwalimu alivyosema. Blaise akafungua jicho moja akauliza kama tuko kanisani. Lakini Keza akakaa kitandani mara moja. Hakuvuta blanketi. Akaitazama saa, akatabasamu peke yake. Mimi nikasema, kumbe njia ya mwalimu inafanya kazi.

Chai, mkate wa siagi ya karanga, mwingine kwenye kopo. Blaise nikamfunga mgongoni na kitenge, maana miguu yake ilikuwa haijaamka. Saa moja na dakika kumi tuko kwenye ngazi.

Tukafika mlango wa Mama Odette, chini. Kimya. Hakuna mwanga. Nikasimama. Sitawaficha, shetani alipita. Alinong'ona: acha, Odette akichelewa nani atamnyang'anya Keza wimbo? Nikamkemea. Mtoto ametafsiri maneno ya kumuumiza rafiki yake bila kuiba hata moja, halafu mimi nimpite amelala? Nikagonga kwa ngumi.

"Mama Odette! Amkeni, watoto wanachelewa!"

Ndani kikaanguka kitu cha bati. Sauti ya Baba Odette: "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni shule. Saa moja na robo."

Hapo nyumba ikageuka soko. "Soksi. Soksi ya pili iko wapi? Hiyo ni yangu, mpe yake." Mlango ukafunguliwa. Odette amevaa sweta nje ndani. Mama Odette anafunga kitenge huku anatembea. Baba Odette amejitupia blanketi, miguuni kandambili kwenye baridi hii, mkononi mkoba wa mtoto.

"Mungu akubariki, Mama Goreti," Mama Odette akaniambia. "Simu yangu leo haikulia kabisa."

(Ingeliaje? Ilikuwa haijafika saa ya kulia.)

Mtauliza kwa nini hakuna aliyetazama simu. Kwetu sisi mtu mzima akikugongea mlango akakwambia saa, hiyo ndiyo saa. Nani atatoa simu mfukoni amhakiki bibi? Heshima ndiyo iliyotuponza.

Tukatembea. Spaza ya Abdi, kile kiduka cha pale kona, imefungwa. "Abdi leo amelala," nikasema, nikatikisa kichwa kwa ajili ya uvivu wa vijana. Tukafika kwenye roboti, yaani taa za barabarani, nyekundu imewaka, hakuna gari hata moja, na sisi tumesimama tunaisubiri.

"Leo magari yamepungua," Mama Odette akasema.

"Ni Ijumaa," nikamjibu, kama vile Ijumaa inaeleza kitu.

"Bibi," Odette akasema, "mbona nyota ni nyingi?"

"Tembea, mama. Zitaondoka."

Tukakata kona ya shule. Geti limefungwa.

Jamani! Geti limefungwa maana yake nini? Maana yake tumechelewa. Sikuwaza kitu kingine. Na Keza naye hakuwaza kingine. Akauachia mkono wangu, akaenda mwenyewe kusimama pale ukutani wanaposimama waliochelewa. Akakumbatia mkoba wake. Akatazama viatu.

Hapo damu ikanichemka. Nikaokota jiwe nikaligonga lile geti mpaka mbwa wa nyumba za jirani wakaitikia. Akatoka mlinzi, amejifunika blanketi, tochi mkononi. Namjua. Ni Byamungu, wa Bukavu, baba wa Furaha na Riziki.

"Byamungu," nikamwambia, "habari ya Furaha, kikohozi kimeisha? Haya. Na wewe una roho gani ya kuwafungia watoto geti? Wimbo haujaanza, mimi nina masikio, sijasikia wimbo. Mtoto huyu unayemwona ukutani leo anaongoza. Wewe ni mzazi. Fungua."

Tochi ikanimulika usoni. Ikashuka kwa Blaise mgongoni. Ikaenda kwa Baba Odette, ikamtazama vidole vya miguu.

"Koko," Byamungu akasema taratibu (kwao Kongo bibi ni koko), "wimbo gani?"

"Wa asubuhi."

"Asubuhi ya leo?"

"Kwani kuna nyingine?"

Akatoa simu yake, akanionyesha kwa heshima, mikono miwili. Saa kumi na mbili kamili. Ile saa ambayo nyumbani dada yangu anahesabu kuku.

"Simu yako mbovu," nikasema.

Baba Odette akatoa ya kwake. Akaitazama. Akakaa chini kando ya barabara, polepole, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Mama Goreti," Mama Odette akasema. Hilo tu. Lakini miaka saba hajaniita vile.

Nikaliweka lile jiwe chini, wamama, taratibu. Baba Odette akasimama, akajikung'uta, akamshika mkewe mkono. "Twendeni tukalale," akasema. "Mama, kesho ukigonga, nitauliza kwanza aliyekufa, halafu nitauliza saa." Wakarudi nyumbani na Odette wao, naye anageukageuka nyuma mpaka alipotuona tunaingizwa getini.

Mimi kurudi nisingeweza. Mgongo ulikuwa umekataa, na nilichoogopa zaidi ni kukanyaga tena njia ileile na kuchelewa kweli. Byamungu akafungua mlango mdogo, akatukaribisha kwenye kibanda chake kilichopo ndani ya geti. Mbele ya mlango alikuwa na mbabula, lile jiko la makaa. Akatuwekea benchi, akanifunika koti lake la kazi. Nikamwita Keza kutoka ukutani. Nikamwambia hatujachelewa. Tumewahi. Tumewahi kuliko jua.

Akakaa karibu nami, akaota moto. Nami nikaanza kuhesabu vidole. Nimesukuma kumi, na kumi, na kumi. Nusu saa. Lakini saa imeruka saa nzima na nusu. Hizo nyingine zimetoka wapi?

"Bibi," Keza akasema, anatazama makaa. "Mtu akisukuma mshale wa saa, ni dhambi?"

Nikamgeukia.

"Jana ulipoenda kuomba mshumaa nilipanda kiti. Niliusukuma ule mrefu, kutoka juu mpaka chini. Sikutaka kusimama pale ukutani tena."

Wamama, nilikuwa na hotuba ya kumpa mtoto anayepanda viti gizani. Ikayeyuka yote. Nikamwambia, "Si dhambi. Kama ni dhambi, tutaungua wawili." Nikamwambia na ya kwangu. Alicheka, wamama. Alicheka mpaka Byamungu akacheka naye bila kujua anacheka nini.

Tukala mikate ya kwenye kopo. Na jua, lile mvivu, likaanza kupanda juu ya mabati upande wa Bezuidenhout Valley, jekundu, bila haraka. Keza akanigusa.

"Ona, Bibi. Amewasha."

Ukuta wa kibanda ukapata joto. Blaise amelala mgongoni, Keza amelala pajani. Bado karibu saa nzima ifike kengele. Nikaona na mimi nifumbe macho kidogo, nimshukuru Mungu.

(Mungu alishukuriwa mpaka nikadondosha mate.)

Niliyoyakosa nimesimuliwa. Saa moja Byamungu alimaliza zamu, akamwambia mwenzake Themba atuache tupumzike, atuamshe kabla ya kengele. Themba akaanza kufungulia magari ya wazazi. Gari, gari, gari. Akasahau. Watoto wakaingia wote, wakapita mbele yetu, na koti la Byamungu limetufunika mpaka kichwani. Ukipita unadhani ni gunia la makaa. Kengele ikalia. Geti likafungwa. Mistari ikanyooka. Mwalimu Nomsa akatazama mstari wake, akatazama geti, akapumua. Akamwita Odette mbele.

Odette akaenda. Akasimama mbele ya shule nzima. Na badala ya kuimba akasema kwa sauti:

"Mwalimu, Keza hajachelewa. Keza amefika usiku."

Shule ikacheka. Mwalimu akasema Odette, imba. Odette akasema hapana, njoo uone, nami nilikuwepo, na baba yangu alikuwepo na blanketi. Akatoka kwenye mstari, akakimbia mpaka kwenye kibanda, akavuta koti.

Mimi ninachokumbuka ni mwanga mkali na uso wa Odette, na nyuma yake watoto mia na mia wote wamegeuka wananitazama. Mwalimu mkuu. Walimu. Wazazi kwenye uzio. Mimi niko kwenye benchi la mlinzi, kilemba kimeanguka, mtoto mgongoni, koti la mwanamume mabegani, na mdomo nadhani ulikuwa wazi. Nikasema neno la kwanza lililokuja:

"Amkeni, mtachelewa."

Hapo walianguka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alijitahidi, namshukuru, aligeukia ukuta.

Lakini Keza alikuwa ameshasimama. Shavu moja lina alama za nyuzi za sketi yangu, pua ina masizi. Odette akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele, akarudi zake kwenye mstari. Kicheko kikaendelea kidogo, nami nikafunga macho, nikasema sasa wanamcheka, sasa ndiyo basi, hatafungua mdomo tena mpaka aolewe.

Akafungua. Sauti ikatoka ndogo, ikakwama, ikatoka tena. Wimbo wenyewe ni wa Kizulu, sijui maneno. Lakini nilijua pale anapopanda, kwa sababu nimeusikia bafuni wiki nzima, na alipopanda shule nzima ikapanda naye. Themba akavua kofia. Blaise akaamka mgongoni mwangu, akaimba sauti ya juu, vibaya, mpaka mwisho.

Nimerudi nyumbani naficha uso na kilemba. Goreti alikuwa anakunywa chai. Nikamsimulia yote: nusu saa yangu, nusu saa ya Keza. Nikamwambia bado nusu ya tatu siielewi, labda betri. Akaweka kikombe chini. Akatazama dirisha.

"Mama," akasema, "jana usiku niliporudi mmelala nilisogeza ile saa kidogo. Nusu saa tu. Niliogopa msije mkachelewa."

Kwa hiyo, wamama wa kwaya, jua halikuwa na kosa. Sisi watatu, kila mtu kwa siri yake, kwa mtoto mmoja, kwa wimbo mmoja. Saa nimeirudisha sawa na simu, kisha nimeipandisha juu ya kabati ambako hata mimi na kiti changu hatufiki. Odette nimempelekea sahani ya chapati. Baba yake nimeambiwa bado amelala.

Na anayetaka kunicheka, namwomba anicheke kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa hiyo mimi nitakuwa chini ya blanketi, pamoja na jua.